Vikumbo na usalama wa mchezaji katika hoki ya barafuni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Hoki ya Barafuni (IIHF), za NHL (ligi kuu ya kulipwa ya Amerika Kaskazini) na za vyama vya vijana vya Marekani na Kanada zinafanana kwa mengi, si kwa yote. Tofauti zimetajwa hapa pale tu zinapobadilisha jibu.

Kikumbo halali ni kipi?

Ni kumgonga kwa bega au nyonga mchezaji mwenye paki ili atengane nayo. Paki ni kile kisahani cha mpira mgumu kinachochezewa, chenye kipenyo cha sentimita 7.6 na uzito wa gramu 156 hadi 170. Sheria yote imejengwa juu yake: asiye nayo hagongwi. Anayegonga hutumia kiwiliwili chake, na humpata mwenzake kwenye kiwiliwili, juu ya magoti na chini ya shingo. Viwiko vimebanwa, gongo (fimbo ya kuchezea) liko chini, viatu haviachi barafu kabla ya mgongano, na mikono haisukumi.

Kikumbo kizuri humwacha mpigaji amesimama na paki ikiwa kwa timu yake. Vile vinavyowainua watazamaji vitini mara nyingi huacha paki ikizurura yenyewe, huku mpigaji amejitoa kwenye nafasi yake na wapinzani wanakwenda wanne dhidi ya watatu. Mwaka 2019 USA Hockey, chama cha hoki cha Marekani, ilitoa tamko lililosema wazi kwamba lengo pekee la kikumbo ni kuipata paki. Kumtisha mpinzani au kumwadhibu hakumo.

Amekwisha toa pasi. Bado naweza kumgonga?

Ndiyo, kama ndiyo kwanza paki imeondoka. Aliyeigusa mwisho anahesabika kuwa anaweza kugongwa kwa muda mfupi sana baada ya kuiachia. Kanuni za NHL hazitaji sekunde, kwa hiyo mwamuzi hutazama jambo jingine: wakati pasi inatoka, je, mpigaji alikuwa amekaribia kiasi kwamba hawezi tena kujizuia, au alikuwa na nafasi ya kukwepa akachagua kumaliza? Huyo wa pili anaadhibiwa kwa kumzuia asiye na paki. Makocha wanaosisitiza kila kikumbo “kimalizwe” ndio huzalisha adhabu hizi, na ndio huzilalamikia zaidi.

Ligi yetu hairuhusu vikumbo, lakini watoto bado wanagongana. Mwamuzi amelala?

Pengine yuko macho kabisa. Kukataza vikumbo si kukataza kugusana. Wachezaji wawili wanaoifukuza paki upande mmoja wanaruhusiwa kuegemeana bega kwa bega. Mlinzi anaruhusiwa kushikilia njia yake na kumbana mshambuliaji taratibu kuelekea ukutani, yaani kwenye ukuta unaozunguka uwanja. Kilichokatazwa ni kubadili mwelekeo ili kumpiga mtu, kumfuata kutoka upande ulio kinyume na safari yake, kumbamiza ukutani, au kuiacha paki na kumshughulikia aliye nayo. Ukitaka kujua mwamuzi anaona nini, tazama gongo la mlinzi: likiwa barafuni likiitafuta paki, mara nyingi mchezo utaachwa uendelee.

Ni kweli kwamba ukipiga hatua tatu kabla ya kugonga ni kosa?

Hapana. Hesabu hiyo inarudiwa kila uwanjani, ila haimo katika kanuni ya NHL ya kumvamia mpinzani (Kanuni ya 42). Inayosemwa humo ni kwamba mchezaji, kwa sababu ya umbali aliosafiri, amemgonga mwenzake kwa ukali, au amemrukia. Mtu anaweza kupiga hatua nne akifuata mchezo na kugonga kihalali. Mwingine akapiga mbili, akaruka, akaadhibiwa.

Sababu ya kuujali umbali ni hesabu ya fizikia. Nishati ya mgongano hupanda kwa mraba wa kasi, kwa hiyo ukiongeza kasi maradufu nishati inakuwa mara nne. Ndiyo maana wanaofundisha vizuri humtaka mpigaji aache kupiga hatua akikaribia na ateleze tu hadi kwenye mgongano. Kasi aliyo nayo tayari inatosha.

Kubamiza ukutani na kupiga kwa nyuma vinatofautianaje?

Kubamiza ukutani (Kanuni ya 41 ya NHL) ni kumgonga au kumsukuma mtu asiyeweza kujikinga hadi aingie ukutani kwa nguvu ya hatari. Kinaangaliwa zaidi namna alivyoingia ukutani, hata kama alisukumwa kwa ubavuni. Adhabu inaweza kuwa ndogo, ya dakika 2, au kubwa, ya dakika 5.

Kupiga kwa nyuma (Kanuni ya 43) ni kumgonga mgongoni mtu asiyejua kwamba unakuja. Hapa NHL haina adhabu ndogo kabisa: kosa likitolewa, ni dakika 5 na kutolewa mchezoni. Adhabu kubwa huuma kuliko inavyoonekana, kwa kuwa ile ndogo hukatika timu pinzani inapofunga bao, ilhali dakika 5 hukaliwa zote hata yakifungwa matatu. Tangu msimu wa 2019–20 waamuzi wa NHL hurudia kutazama picha za adhabu kubwa zisizo za kupigana ngumi kabla ya kuzithibitisha.

Je, anayepigwa akigeuka dakika ya mwisho? Kanuni inamtaka mwamuzi alizingatie hilo, lakini mzigo wa kwanza uko kwa mpigaji: yeye ndiye anayeona mbele, na yeye ndiye anayepaswa kuhakikisha mwenzake hayuko katika hali ya kutojikinga. Ukiona namba ya mgongoni, legeza.

Kichwa kinalindwaje na kanuni?

NHL ilichelewa. Mei 2000 Scott Stevens alimgonga Eric Lindros kichwani kwa bega katika mechi ya mtoano, na hakuna adhabu iliyotolewa, kwa kuwa kanuni za wakati ule hazikulikataza bega. Machi 2010 Matt Cooke alimgonga Marc Savard namna hiyo hiyo, naye hakuadhibiwa. Tukio hilo ndilo lililoizaa Kanuni ya 48, ambayo kwanza ilihusu kupigwa kwa ubavuni au mahali usipoona, kisha ikapanuliwa. Leo maswali ni mawili: je, kichwa ndicho kilichopata pigo kuu, na je, kukigusa kuliepukika? Mchezaji aliyeinama ghafla wakati kikumbo kimekwisha anza anaweza kuguswa kichwa pasipo kosa. Hii inawaudhi wengi, na hoja yao ina uzito.

IIHF na vyama vya vijana ni wakali zaidi. Katika ngazi za watoto, mgongano wa kichwa huadhibiwa hata ukiwa wa bahati mbaya katika baadhi ya vyama, kwa hiyo mrefu anayegongana na mfupi hana budi kushuka kwa magoti mpaka bega lake lifike kifuani mwa mwenzake. Akishuka kwa kukunja kiuno badala ya magoti, kichwa chake mwenyewe kinatangulia.

Kikumbo cha nyonga bado kipo?

Kipo, mradi nyonga ipate mapaja au kiuno. Ukijishusha hadi ukampata magotini ni kosa, na mishipa ya goti ndiyo inayolipa. Kutoa goti pembeni kumkamata anayekupita nako ni kosa, na kwa kawaida hutokea mlinzi anapokosa shabaha na kuutupa mguu badala ya kukubali kwamba ameachwa. Ngwala, yaani kumchota miguu kwa nyuma huku ukimvuta mwili, ni kosa peke yake, tena baya, kwa sababu aliyeangushwa huangukia kisogo.

Kipa akitoka kwenye eneo lake anagongwa?

Hapana. Kutoka nje ya eneo lake hakumfanyi kuwa halali kugongwa.

Kwa nini mnasisitiza sana ile mita moja ya kutoka ukutani?

Kwa sababu ndiko shingo huvunjikia. Aliyebanwa kabisa ukutani akigongwa, ukuta unampokea mwili mzima na nguvu inatawanyika. Aliye umbali wa mita moja hadi moja na nusu ana nafasi ya kuanguka, ila hana nafasi ya kujirekebisha. Anaelekea ukutani kichwa kikitangulia.

Shingo ikiwa wima ina mkunjo wa kiasili unaoiwezesha kupinda na kupunguza nguvu. Kidevu kikishuka, kama nyuzi 30 hivi, mkunjo ule hupotea na pingili zinapangana mstari mmoja. Utosi ukigonga ukuta, kichwa kinasimama lakini kiwiliwili bado kinakuja, na pingili zinasagwa katikati. Mara nyingi ni zile za chini shingoni, ya tano na ya sita. Helmeti haizuii hili hata kidogo, wala kasi kubwa haihitajiki. Oktoba 1995 Travis Roy wa Chuo Kikuu cha Boston, aliyekuwa na umri wa miaka 20, alipooza mwili baada ya kuingia ukutani kichwa kikitangulia, sekunde 11 tangu aingie mchezoni kwa mara yake ya kwanza. Katika jaribio lile yeye ndiye aliyekuwa akienda kugonga. Anayegonga naye shingo ni yake.

Baadhi ya viwanja vimechorwa mkanda wa rangi ya chungwa kando ya ukuta, upana wa karibu mita moja, kumkumbusha mchezaji ainue kichwa. Ukumbusho wa rangi unasaidia aliyekwisha fundishwa.

Nikiifuata paki ukutani na kuna mtu nyuma yangu, nifanyeje?

Tazama juu ya bega kabla ya kufika, kisha tazama tena kwenye bega la pili. Mtazamo wa kwanza unakuambia yuko wapi, wa pili unakuambia amebadilisha njia au la. Usiende ukutani moja kwa moja kama msumari. Ingia kwa mshazari, ili unapoifikia paki miguu yako iwe karibu sambamba na ukuta na ubavu ndio unaomkabili anayekuja. Halafu maliza umbali. Jibane ukutani kwa nyonga na bega, magoti yamekunjwa, kiganja na mkono wa mbele juu ya kioo, viwiko vimelegea kidogo. Mkono ulionyooshwa kikamilifu huvunjika kwenye kifundo.

Kosa la hatari kuliko yote ni kugeuza mgongo kwa makusudi ukitumaini mpigaji ataogopa adhabu. Wapo vijana wanaofundishwa hivyo ili kulinda paki. Kocha anayelifundisha jambo hilo aambiwe aache.

Ukiona umeshaanguka na ukuta unakuja, inua kidevu, nyosha mikono mbele ikiwa imekunjwa kidogo, na jigeuze ili bega, mgongo au makalio yatangulie. Chochote ila utosi. Mazoezi yake hufanywa kwa mwendo wa polepole, mchezaji akianzia magotini mita mbili kutoka ukutani, kabla ya kuongezwa kasi.

Kikumbo kinafundishwa kwa mpangilio gani?

Hockey Canada, chama cha hoki cha Kanada, hukiweka mwisho kati ya hatua nne: kujipanga na kumbana mpinzani kwa pembe, kisha kutumia gongo, kisha kugusana, kisha kikumbo chenyewe. Timu nyingi huruka hadi ya nne mwezi mmoja kabla ya msimu ambao vikumbo vinaruhusiwa, na matokeo yake ni watoto wanaojua kugonga bila kujua kufika mahali pa kugongea.

Pembe ndiyo kazi yenyewe. Mlinzi hamfuati mwenye paki mahali alipo. Hujiweka upande wa katikati ya uwanja, nusu hatua nyuma yake, na kumwachia njia moja tu ya kando ya ukuta, ambayo inazidi kuwa nyembamba. Gongo linaifikia paki kwanza, kisha bega linaingia mbele ya mikono ya mpinzani. Mgongano unapotokea mlinzi ana magoti yaliyokunjwa, miguu iliyopanuka kama mabega na macho yanayotazama kifua cha mwenzake, kwa kuwa paki hudanganya na kifua hakidanganyi. Ikifanyika hivyo, nguvu inayohitajika ni ndogo mno.

Anza na jozi zinazolingana kimo na uzito, wakiwa wamesimama, kisha wakitembea kwa viatu vya kuteleza, kisha mwendo wa nusu. Kila mmoja apokee vikumbo vingi kama anavyotoa. Mazoezi ya kugonga tu hujenga nusu ya mchezaji.

Vikumbo vinaanza umri gani?

Marekani, kuanzia msimu wa 2011–12, USA Hockey iliviondoa katika kundi la miaka 11 na 12 na kuvianzisha katika lile la miaka 13 na 14. Hockey Canada ilifuata mwaka 2013. Kuruhusiwa huko si lazima: ligi nyingi za burudani huvikataza hata kwa wakubwa. Chuo cha Madaktari wa Watoto cha Marekani, katika msimamo wake wa 2014, kilikwenda mbali zaidi na kushauri vianze miaka 15, tena kwa ngazi za juu za wavulana peke yake.

Si afadhali waanze wadogo ili wazoee?

Hoja hii ina mvuto, na imepimwa. Utafiti uliochapishwa 2010 uliwalinganisha wachezaji zaidi ya 2,000 wa miaka 11 na 12 wa mkoa wa Alberta, Kanada, ambako vikumbo viliruhusiwa, na wa Quebec, ambako havikuruhusiwa. Hatari ya kuumia mechini Alberta ilikuwa zaidi ya mara tatu, na ya mtikisiko wa ubongo vivyo hivyo. Walipofuatiliwa wa miaka 13 na 14, kundi ambalo sasa lilicheza kwa vikumbo mikoa yote miwili, waliotangulia kuvizoea hawakuwa na majeraha machache kwa jumla. Majeraha ya kukaa nje zaidi ya wiki yalikuwa machache kwao, na wanaotetea kuanza mapema hushika hapo. Mizani bado inaelemea upande wa kusubiri: unanunua faida ndogo kwa miaka miwili ya hatari mara tatu.

Tatizo la umri huu ni balehe. Kundi moja la miaka 13 linaweza kuwa na mvulana wa kilo 40 na mwingine wa kilo 75, wote halali, wote wakiteleza kwa kasi ile ile.

Wanawake wanaruhusiwa?

Katika mashindano ya IIHF, vikumbo viliruhusiwa kwenye Mashindano ya Dunia ya wanawake ya 1990 kule Ottawa, kisha vikaondolewa. Mwelekeo umeanza kugeuka katika ligi za kulipwa: ligi kuu ya wanawake ya Sweden iliviruhusu msimu wa 2022–23, na PWHL ya Amerika Kaskazini, iliyoanza kuchezwa Januari 2024, nayo inaruhusu vikumbo mradi mchezaji anaitafuta paki. Mchezaji anayehamia huko akiwa na miaka 22 anahitaji mafunzo ya kupokea vikumbo kama mvulana wa miaka 13. Mwili mkubwa hauujui ukuta kwa kuzaliwa.

Mchezaji amegongwa kichwa. Hatua ya kwanza?

Atoke. Dalili moja inatosha: kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu, kusahau matokeo, kujibu polepole, au kusema tu “sijisikii sawa”. Hahitaji kuwa amezimia, na wengi hawazimii. Harudi siku hiyo, hata akisema amepona baada ya dakika kumi, kwani dalili nyingine huchelewa kwa saa kadhaa.

Maumivu ya shingo, ganzi au udhaifu wa mkono au mguu, degedege, kutapika mara kwa mara, kupoteza fahamu, au kuchanganyikiwa kunakozidi: hapo unaitwa msaada wa dharura na mchezaji hasogezwi. Helmeti na pedi za mabega zinabaki mwilini. Kuivua helmeti peke yake wakati pedi zimebaki hukifanya kichwa kining’inie nyuma na kuipinda shingo. Ikibidi kufikia njia ya hewa, ondoa wavu wa uso.

Anarudi lini?

Kwa hatua, si kwa tarehe. Mpumziko wa kadiri wa saa 24 hadi 48, akipunguza skrini, kisha shughuli nyepesi za kila siku. Inafuata mazoezi ya mwili ya kupandisha mapigo kidogo, kama baiskeli ya kusimama, kisha kuteleza peke yake bila hatari ya kugongwa. Kupiga pasi na mazoezi ya timu yasiyo na mgongano huja baada ya dalili kuisha na mtaalamu wa afya kumkagua. Ndipo mazoezi ya vikumbo, na mwisho mechi. Kila hatua huchukua angalau saa 24. Mwanafunzi hurudi darasani kikamilifu kabla ya kurudi kugongana.

Hatua inayorukwa sana ni ile ya mazoezi ya vikumbo, maana kijana anateleza vizuri na mechi ni Jumamosi. Asiyegongwa mazoezini atajaribiwa kwa mara ya kwanza na mpinzani.

Helmeti ya bei kubwa huzuia mtikisiko wa ubongo?

Hapana. Helmeti iliundwa kuzuia fuvu kupasuka, na kazi hiyo inaifanya vizuri. Ubongo huumia kwa kutikiswa na kuzungushwa ndani ya fuvu, na ganda la nje hupunguza hilo kidogo tu. Inayokaa sawasawa ina faida kuliko ya gharama iliyolegea: ukingo upana wa kidole kimoja juu ya nyusi, haichezi ukitikisa kichwa, kamba ya kidevu inaruhusu kidole kimoja. Tazama nembo ya ithibati. Ya HECC ya Marekani humalizika miaka 6 na nusu baada ya kutengenezwa, hata kama helmeti ilikaa kabatini. Usiipake rangi wala kuitoboa, na ganda likipata ufa, itupe.

Kinga ya shingo ni lazima?

Haihusiani na vikumbo moja kwa moja, ila vikumbo huangusha watu na viatu huruka juu. Adam Johnson alifariki Oktoba 2023 mjini Sheffield, Uingereza, baada ya kukatwa shingoni na makali ya kiatu wakati wa mechi. IIHF iliamua kuifanya lazima katika ngazi zote za mashindano yake, na USA Hockey ikafuata kwa vijana kuanzia Agosti 2024. Chagua ya kitambaa kisichokatika kwa makali, inayofunika shingo yote hadi juu ya kola, bila mwanya nyuma. Ikifungwa kwa mkanda wa kunata (velcro), kagua kila mwezi kama bado inashika: jasho na nyuzi za jezi huilegeza, na mchezaji huanza kuivaa kama mkufu.